Mshauri Ni Mama

Boaz hakutaka kukaa. Alisimama karibu na mlango wa chumba cha ushauri nasaha, kofia mkononi, akawa anaikunja na kuikunjua kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Ilikuwa saa ya chai. Nje, wanafunzi wa chuo cha mifugo walikuwa wamejipanga kwenye dirisha la mhasibu, na maneno yao yalipenya ukuta wa mbao kana kwamba ukuta wenyewe haupo.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, Boaz. Kaa, baba.”

“Nikikaa wataona nina shida.”

“Na ukisimama?”

“Nikisimama nimeleta ujumbe tu.”

Scolastika akasogeza kiti ili mgongo wake uzibe kidirisha. Kazi yake hasa ilikuwa kufundisha stadi za mawasiliano. Ushauri nasaha aliongezewa baada ya kijana mmoja kufariki hosteli, na wazazi wake kuja kutoka Bariadi kuchukua godoro na sanduku. Chuo kilimpeleka Mwanza kwa mafunzo mafupi, kikampa stoo ya zamani ya chaki, meza na kibao cha mlangoni. Tangu hapo kila aliyelia, aliyefeli, aliyeachwa na mchumba na aliyeogopa damu alielekezwa kwake.

“Nikisema, yanabaki humu?” Boaz aliuliza.

“Yanabaki humu.”

Kule Mwanza walifundishwa kwamba sentensi hiyo ina mkia: yanabaki humu, isipokuwa kama uhai wa mtu uko hatarini. Lakini mkia ule uliwatisha vijana. Wakiusikia walifunga mdomo, wakasema ni kichwa tu kinawauma. Taratibu Scolastika akazoea kuukata, na siku hiyo pia aliukata.

“Kuna mwenzetu,” Boaz akasema, akitazama sakafu. “Tangu turudi fildi kule Geita hayuko sawa. Darasani anakuja, ila tukiingia kupasua mizoga anatoka nje. Nyama hali. Sasa ameanza kugawa vitu. Gambuti zake kampa mtu. Koti lake jeupe kampa mtu. Mimi amenipa stetoskopu, akasema kwake haina kazi tena.”

“Huko Geita ni wale ng'ombe waliokunywa maji mabaya?”

“Ndiyo, wa yule mzee. Walivunja uzio wakanywa kwenye bwawa wanakochenjulia dhahabu. Sisi ndio tuliotumwa.” Akaikunja kofia tena. “Na kuna jingine, Mama. Juzi nilimwona kwenye stoo ya dawa za mazoezi anaweka chupa kwenye begi. Nikamwuliza ni ya mnyama gani. Akasema ni ya mnyama mmoja tu.”

Sauti ya Scolastika ikabaki ile aliyofundishwa, ya chini na ya taratibu. “Huyo mwenzenu anaitwa nani, Boaz?”

Kijana akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

“Mama, kweli hujui?”

“Sijui.”

“Ni Loveness.”

Nje mhasibu alikuwa akimwambia mtu arudi kesho. Mtu huyo akabishana, watu wakacheka. Scolastika aliutazama mdomo wa Boaz kana kwamba jina la binti yake lingeweza kurudi lilikotoka.

“Naomba asijue ni mimi,” Boaz akasema. “Hatanisemesha tena maisha yake yote. Na darasani wanasema chumba hiki ni sikio la mkuu wa chuo. Mimi huwa nawakatalia. Nawaambia Mama Loveness si mtu wa hivyo.”

Akafungua mlango, akapaza sauti ili waliokuwa kwenye foleni wasikie. “Ahsante, Mama. Nitawaambia.”

&nbsp;

Nyumbani kwake Ngokolo, Scolastika alimkuta Loveness uani amepiga magoti, amebana mbuzi kati ya mapaja, anamnywesha dawa. Mwenye mbuzi, Mama Zipora, alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama. Pembeni alisimama Theonest, baba wa Loveness, mikono kiunoni, akiwaeleza wapita njia mambo ambayo hawakuyauliza.

“Mtu wa Ngokolo ana haja gani ya kwenda ofisi ya mifugo?” alikuwa akisema. “Daktari tunaye hapa hapa.”

“Bado sijawa daktari, baba,” Loveness akajibu bila kuinua kichwa.

Theonest alikuwa dereva wa malori makubwa kwenye mgodi wa Buzwagi hadi mgodi ulipofungwa. Sasa alibeba magodoro na mifuko ya saruji kwa guta, pikipiki ya matairi matatu, na wenzake wa zamani walipompita barabarani alijifanya anakagua tairi. Binti ndiye aliyemrudishia kifua. Kila mahali alipopeleka mzigo, jina la Loveness lilishushwa kabla ya mzigo wenyewe.

Scolastika aliitazama mikono ya mwanawe. Ilikuwa imetulia kuliko yake. Akajiuliza ni macho gani aliyokuwa nayo siku zote hizi. Aliona mtoto anakonda. Aliona anachukia harufu ya nyama na haamki vizuri. Akaenda duka la dawa, akanunua kipimo cha mimba, akakiweka kitandani kwa Loveness bila kusema neno. Kilirudishwa mezani kwake hakijafunguliwa. “Mama, ingekuwa hilo ningefurahi,” Loveness alimwambia. Scolastika alishusha pumzi siku ile. Hata kusali alisali, kwa shukrani.

Walikula ugali, dagaa na mlenda. Theonest aliongea kwa niaba ya wote.

“Kaka yangu kule Chato amenipigia. Anasema ukimaliza tu uanzie kwake. Ng'ombe wake wote ameshawatangazia kwamba daktari wao anakuja.”

Alicheka mwenyewe. Loveness alikuwa akivingirisha tonge moja tangu walipoanza kula.

“Mwanangu,” Scolastika akasema, “siku hizi unajisikiaje?”

Tonge likarudi kwenye sahani. “Mama, hiyo ni sauti ya ofisini.”

“Ni sauti yangu.”

“Hapana. Kwa sauti ya nyumbani ungeniuliza kwa nini sili.”

“Haya, kwa nini huli?”

“Nimeshiba.” Kisha Loveness akamtazama sawasawa. “Nani amekuja kwako leo?”

“Hakuna aliyekuja.”

“Vizuri, basi.”

Loveness alipobeba ndoo kwenda bombani, Scolastika aliingia chumbani kwake akafungua begi. Kulikuwa na daftari, glavu na leso iliyokunjwa vizuri. Mkono ulikuwa bado ndani ya begi Theonest aliposimama mlangoni.

“Unatafuta nini?”

“Kalamu.”

Neno lilikuwa limefika ulimini. Lakini alimjua mumewe. Theonest angepiga kelele, Mama Zipora angesikia upande wa pili wa ua, na kabla ya Jumapili jumuiya nzima ingekuwa inamwombea Loveness kwa jina. Chuoni wangejua. Boaz angejulikana. Akafunga zipu ya begi, akasema mgongo unamsumbua, godoro lao limekuwa bovu, leo atalala na Loveness. Alilala hivyo, ubavu kwa ubavu na mtoto aliyejifanya amelala, na yeye akijifanya vilevile.

&nbsp;

Asubuhi aliingia ofisini kwa mkuu wa chuo. Bwana Kalisti alikuwa daktari wa mifugo wa miaka mingi, mtu aliyezunguka Meatu na Kishapu kwa pikipiki kabla barabara hazijawa barabara. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba majonzi ya fildi hutibiwa kwa chakula na usingizi.

“Nina mwanafunzi anayehitaji mshauri mwingine,” Scolastika akasema. “Wa nje ya chuo.”

“Mshauri si wewe?”

“Huyu siwezi kumshauri mimi.”

“Amekutukana?”

“Hapana, mkuu.”

“Basi unaweza.” Kalisti akaegemea kiti. “Mama Loveness, sisi enzi zetu tuliangamiza zizi zima kwa homa ya mapafu. Jioni tukaoga, tukala, tukalala. Nani alitushauri?”

“Na wote mlilala?”

“Wengi wetu,” akasema. Kisha akavuta karatasi zake karibu. “Kama kuna jina, lilete. Ijumaa tunahesabu stoo ya dawa, na msimamizi ameniambia kuna upungufu. Dawa zile zikiibwa ni kufukuzwa chuo, hakuna mjadala. Sitaki nisikie kwamba mwizi ni mmoja wa hao unaowafungia mlango.”

Scolastika alitoka akiwa amelimeza jina lile. Akazunguka nyuma ya josho, mahali ambapo hapakuwa na madirisha, akampigia Hosiana. Hosiana alikuwa muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya mjini, na kule Mwanza walikaa dawati moja. Alimweleza yote, safari hii bila kuficha jina.

“Umemwuliza?” Hosiana akasema.

“Nimemwuliza anajisikiaje.”

“Hilo ni swali la salamu. Umemwuliza kama anataka kujiua?”

“Hosiana, huyu ni mwanangu.”

“Angekuwa wa mwenzako ungeshamwuliza jana.”

“Na yule kijana nimemwahidi siri.”

“Walitufundisha wote wawili, Scola. Siri ya namna hiyo haipo. Kijana utakuja kumwomba radhi akiwa hai na Loveness akiwa hai. Sasa nisikilize. Usimwache peke yake. Alichokificha kitoke mikononi mwake. Na umlete leo. Mimi nipo hapa mpaka mje.”

Alipita darasani. Kiti cha Loveness kilikuwa kitupu. Boaz alimwona dirishani, akatikisa kichwa kidogo sana, na msichana wa jirani yake akageuka kuangalia anatikisia nani.

Scolastika alisimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita. Hakukumbuka kuuliza nauli.

&nbsp;

Loveness alikuwa amekaa kitandani, amevaa vizuri, chumba kimefagiliwa. Begi lilikuwa mapajani.

“Umewahi kurudi,” akasema.

Scolastika aliufunga mlango. Aliketi chini, mgongo wake ukiegemea mlango, viatu bado miguuni. Mafunzo yote yalimtoka kichwani. Likabaki swali moja tu, nalo lilitoka kwa sauti ya kukwaruza ambayo haikuwa ya ofisini wala ya nyumbani.

“Loveness. Unataka kujiua?”

Alitegemea kelele, au kicheko, au kukanushwa. Loveness aliachia mabega.

“Sijui kama nataka kufa,” akasema. “Nataka ile siku iishe. Kila nikiamka naikuta inaanza upya.”

“Nisimulie.”

“Boaz si amekusimulia?”

Scolastika angeweza kukana tena. “Amesimulia kidogo,” akasema. “Nisimulie wewe.”

Basi Loveness akasimulia, akiitazama kamba ya begi. Mzee mwenyewe aliitwa Jilala. Walipofika, nusu ya ng'ombe walikuwa wamekwisha kufa na wengine wanatupa miguu. Sindano za kuwamaliza hazikutosha, mwalimu akagawa visu. Watu wa machimboni walikuwa wameshakuja na viroba na mapanga kutaka nyama. Wanafunzi wakaambiwa wawazuie, mizoga ichomwe yote, kwa sababu nyama ile ingeua watu. Wanawake wakawatukana, wakasema hawa watoto wa shule wanachoma chakula mbele ya wenye njaa.

“Yule mzee akaniuliza, ‘Mayu, mama, wewe ndiye daktari?’ Nikamwambia ndiyo. Mama, nilimwambia ndiyo. Akanishika mkono, akanipeleka kwa kila ng'ombe aliyekuwa bado anapumua, akanitajia jina lake, na tabia zake, na aliyemzaa. Alidhani nimekuja kuwaponya. Na mimi kisu kilikuwa nyuma ya koti.”

Kuku walisikika uani. Scolastika alitaka kuinuka amkumbatie, lakini akaogopa kuuacha mlango.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia ukiwa nani? Ukiwa mshauri, ni faili la chuo. Ukiwa mama, baba angejua jioni ile ile. Wenzangu wote wana mlango wa kugonga. Mimi kila nikigonga unafungua wewe.”

Scolastika akavua viatu, akaviweka kando.

“Boaz ulimwahidi hutasema?” Loveness akauliza.

“Nilimwahidi.”

“Kwa hiyo na yeye sasa hana pa kwenda.”

“Nipe chupa, mwanangu.”

“Nikikupa utafanya nini?”

“Sijui. Ijumaa wanahesabu stoo.”

“Nitafukuzwa. Na baba ameshawaambia watu wote.”

“Inawezekana ukafukuzwa. Sikudanganyi.”

Labda lilikuwa neno hilo la mwisho. Loveness alifungua mfuko wa pembeni wa begi, mfuko ambao mama yake hakuuona, akatoa chupa, akainyoosha. Scolastika alilazimika kutambaa kuifikia. Akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Theonest alirudi kula chakula cha mchana akawakuta hivyo, mmoja kitandani, mwingine sakafuni. Aliambiwa kwa maneno machache. Alisimama muda mrefu akiwa na funguo za guta mkononi.

“Mtu anaweza kuugua namna hiyo kwa ng'ombe wa mtu mwingine?” akauliza. “Na watu mimi nitawaambia nini?”

“Waambie malaria,” Loveness akasema.

Theonest akatoka. Scolastika alidhani ameondoka kwa hasira. Kisha akamsikia akishusha mifuko ya saruji, akifagia guta. Alirudi akalivuta godoro la kitanda chao, akalitandika kwenye guta, akalisawazisha kwa viganja pembe zote.

Njiani Mama Zipora alikuwa amesimama kwenye geti lake. “Mnampeleka wapi daktari wetu? Mbuzi wangu kapona.”

“Malaria,” Theonest akasema.

“Poleni jamani. Malaria ya siku hizi inapanda kichwani.”

Theonest akawasha guta.

&nbsp;

Benchi la kliniki ya afya ya akili lilikuwa mkabala na njia wanayopita akina mama wenye watoto wachanga. Loveness alijifunika khanga hadi machoni. Hosiana alipoita, Scolastika alinyanyuka pamoja na binti yake. Hosiana akamwekea mkono begani.

“Wewe baki.”

“Mimi ni mshauri wake wa chuo.”

“Ndiyo maana.”

“Mimi ni mama yake.”

“Ndiyo maana pia.”

Akabaki. Theonest alikaa ukingoni mwa benchi, uso ameuelekeza kwenye maduka ya dawa ng'ambo ya barabara, ili anayepita adhani amekuja kununua kitu. Walikaa mpaka wakabaki wao wawili tu kwenye benchi. Loveness alipotoka macho yalikuwa yamevimba. Daktari wa kliniki alikuwa amemwona na kumwandikia dawa. Wazazi walielezwa wazishike wao, wasimwache peke yake kwa sasa, milango isifungwe kwa ndani, na arudi wiki ijayo.

“Amesema nini huko ndani?” Theonest akauliza.

“Ameniambia mimi,” Hosiana akajibu.

Ijumaa, kabla msimamizi hajafungua stoo, Scolastika aliiweka chupa mezani kwa Bwana Kalisti.

“Imetoka wapi?”

“Imerudi.”

“Kutoka kwa nani?”

“Sitasema, mkuu.”

“Basi nitaandika ni wewe uliyeichukua.”

“Andika.”

Kalisti aliigeuza chupa, akaona kifuniko hakijaguswa. Kiti cha Loveness kilikuwa kitupu kwa siku kadhaa, na yeye hakuwa mjinga. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Yupo hai?”

“Yupo.”

Akafungua droo, akaitia chupa ndani, akageuza ufunguo. “Yule wa hosteli nilikula naye chakula cha mchana siku ile ile,” akasema. “Nilimwuliza habari za mpira.” Halafu akajikaza, akawa mkuu wa chuo tena. “Huyu harudi mazoezini bila barua ya daktari. Mwaka huu hamalizi. Hilo siwezi kulibadilisha.”

“Nitafutie mtu mwingine wa kukaa kwenye kile chumba.”

“Hakuna bajeti ya mtu mwingine. Utaendelea wewe.”

Akaendelea. Alifungua chumba kila asubuhi, akakaa, na hakuna aliyekuja. Siku Boaz alipofika hakuvuka kizingiti.

“Nilikukosea,” Scolastika akamwambia. “Ile sentensi nilipaswa kukwambia yote, na wewe uchague.”

“Wameshajua darasani. Nikikaribia wananyamaza.”

“Ungenyamaza wewe, ningezika.”

“Najua, Mama.” Alikuwa akitazama pembeni, kwenye foleni ya mhasibu, na foleni ilikuwa ikimtazama yeye. “Ndiyo maana nashindwa hata kukukasirikia.” Akaondoka bila kupaza sauti yoyote.

&nbsp;

Nyumba ikageuka mahabusu ya watu watatu. Theonest aliacha kupokea mizigo ya mbali. Visu vilihamia kwenye sanduku la vifaa vya guta, pamoja na dawa za mbuzi na za kuku. Loveness akienda chooni, baba yake alisimama nje akikohoa ili ajulikane yupo. Usiku mama yake alimlalia mkononi, kwa makusudi, asiweze kuinuka bila kumwamsha.

“Mnanichunga kuliko ng'ombe,” Loveness alisema siku moja. Hakusema kwa ukali.

Watu waliendelea kuja na mbuzi wao. Mwanzoni Theonest aliwaambia daktari anapumzika. Kisha akaja mtu kutoka mbali, amebeba mwanakondoo begani, akabembeleza sana, na Theonest akachoka.

“Hakuna daktari hapa,” akamwambia.

Dirisha lilikuwa wazi. Scolastika, aliyekuwa ndani akikunja nguo, alimwona Loveness akisimama kusikiliza, kisha akikaa tena polepole. Mtu yule akaenda zake na mwanakondoo wake. Theonest alibaki getini amewapa mgongo, na hakuingia ndani hadi jua lilipopungua.

Waliendelea kwenda kwa Hosiana. Loveness alimeza dawa mbele ya mama yake na kufungua mdomo bila kuambiwa. Alianza kula, si sana. Siku nyingine alilala hadi asubuhi, nyingine akalia tangu alfajiri. Kuhusu chuo hakusema kitu. Scolastika naye hakuuliza, maana kila swali lililomjia lilikuja na ile sauti ya ofisini, na hakuwa tena na uhakika kama ana nyingine.

Jumamosi moja, mchana, Loveness alichota ndoo ya maji kwenye pipa, akachukua taulo, akaingia bafuni. Bafu lilikuwa nje, la matofali, mlango wake wa bati. Tangu arudi kutoka hospitali alikuwa akioga mlango ukiwa wazi nusu, mama yake amekaa kwenye jiwe amegeukia ukutani. Scolastika akaenda kukaa.

“Mama,” Loveness akasema kutoka ndani. “Leo naomba nifunge.”

“Walisema milango isifungwe.”

“Nilimwambia dada Hosiana nitakuomba. Amesema niombe.”

“Amesema nikubali?”

“Amesema utaamua wewe.”

Scolastika akatazama mlango ule. Alitaka sana mtu aje amwambie la kufanya. Kisha akasimama, akausukuma mwenyewe. Akasikia komeo likiingia.

“Usisimame hapo,” sauti ikasema.

Alivuka ua hadi barazani, Theonest alipokuwa akiziba tairi. Akakaa kando yake.

“Yuko wapi?”

“Anaoga.”

Theonest akatazama. “Mbona mlango umefungwa?”

“Ameomba.”

Mwanamume yule akanyanyuka, gundi mkononi. Scolastika akamshika pindo la shati, akalivuta kwa nguvu zake zote hadi akakaa chini tena. Hakumwachia. Wakakaa hivyo wakisikiliza maji yakimwagika, kata baada ya kata. Theonest alikuwa akipumua kwa mdomo. Kisha maji yakanyamaza.

Mama Zipora alikuwa akitwanga upande wa pili wa ua. Jogoo akapita. Scolastika alisikia shati la mumewe likiachia uzi mkononi mwake, na bado hakuachia. Aliufungua mdomo kuita, akaufunga.

Komeo likagonga bati. Loveness akatoka, taulo kichwani, miguu imelowa. Aliwapita wote wawili bila kuwatazama. Alipofika mlangoni pa nyumba akasimama.

“Pipa limekwisha maji,” akasema, akaingia ndani.

Theonest akachukua ndoo mbili, akaenda bombani.